Historia ya "Labda": Wagiriki, Waingereza na Neno Linaloacha Mlango Wazi

Kila lugha ina maneno makubwa ambayo watu huyapenda: haki, uhuru, upendo, ukweli. Maneno hayo huandikwa juu ya mabango na huimbwa katika nyimbo. Lakini kila lugha ina pia maneno madogo yasiyoandikwa juu ya bango lolote, na bila hayo hata maneno makubwa hayawezi kusemwa kwa uaminifu. Moja la maneno hayo ni "labda". Tunalitamka mara nyingi kwa siku, na mara chache tunajiuliza linafanya kazi gani, lilitoka wapi, na limewagharimu nini watu waliolisema au waliokataa kulisema.

Safari hii tumependa kutafakari pamoja nanyi historia ya neno hilo katika lugha mbili. Ya kwanza ni Kigiriki, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo kwayo wanafalsafa wa Athene walifundisha namna ya kufikiri, na ndiyo lugha ya Agano Jipya. Ya pili ni Kiingereza, ambacho wengi wenu mnajitahidi kujifunza kando ya Kifaransa, kwa kuwa leo sehemu kubwa ya sayansi na habari za dunia hupitia humo. Swali letu ni hili: je, mtu asemaye "labda" ni mwoga, au ni mkweli? Historia haitatupa jibu la neno moja, lakini itatuonyesha tofauti iliyopo kati ya "labda" ya mkweli na "labda" ya mkimbizi.

1. Vijana na wazee mbele ya Aristotle

Tuanze na mwalimu aliyeishi kuanzia mwaka 384 hadi 322 kabla ya Kristo. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ufundi wa kusema mbele ya watu, aliweka sura mbili zinazofuatana: moja juu ya tabia ya vijana, na nyingine juu ya tabia ya wazee. Vijana, asema, wana tamaa kali na hasira ya haraka, lakini pia wana ukarimu. Huamini upesi kwa sababu hawajadanganywa mara nyingi. Huishi kwa matumaini kuliko kwa kumbukumbu, kwa maana mbele yao kuna siku nyingi na nyuma yao ni chache. Na zaidi ya yote, hudhani kwamba wanajua kila kitu, hivyo husisitiza kila wanalosema.

Wazee ni kinyume chake. Wamedanganywa mara nyingi, wamekosea mara nyingi, kwa hiyo hawathibitishi jambo lolote kwa nguvu. Wao "hudhani", lakini kamwe "hawajui". Na Aristotle anataja maneno mawili ambayo wazee hao huyabandika katika kila usemi wao: "isos" na "takha". Yote mawili yana maana ya "labda".

Msifikiri kwamba Aristotle aliwasifu wazee na kuwalaumu vijana. Aliwalaumu wote wawili. Vijana hukosea kwa kuzidisha, wazee hukosea kwa kupunguza. Kijana husema "hakika" pasipo hakika. Mzee husema "labda" hata pale anapojua, kwa sababu amechoka kuaibishwa. Sifa yake aliiweka kwa mtu aliye katikati, ambaye haamini kila mtu wala hamshuku kila mtu, bali hupima kila jambo kadiri ya ukweli wake. Tulishike wazo hilo, maana litatufuata mpaka mwisho.

2. Hali ya kitenzi iliyozaliwa katika sala

Maneno hayo mawili ya wazee yana asili ya kupendeza. "Isos" linatokana na neno lenye maana ya "sawa". Asemaye "isos" ni kama ashikaye mizani yenye vitanga viwili vilivyolingana: huku kuna sababu ya kukubali, na huku kuna sababu ya kukataa. "Takha" linatokana na neno lenye maana ya "haraka". Kwanza lilimaanisha "upesi", kisha likageuka kuwa "huenda", kana kwamba jambo lililo karibu kutokea tayari limeanza kuonekana mbali njiani.

Lakini Wagiriki wa kale hawakutegemea maneno hayo tu. Walikuwa na hali nzima ya kitenzi kwa ajili ya yale yasiyo hakika. Wanasarufi wao waliiita "euktike", yaani hali ya sala au ya nadhiri, kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kutamani na kuomba: na iwe, na itokee, laiti ingekuwa. Baadaye hali hiyo hiyo ilipewa kazi ya pili. Ikiwekewa silabi fupi "an", iliacha kuwa ombi ikawa kisio. "Genoito" ni "na iwe". "Genoito an" ni "yaweza kuwa".

Tuitafakari kidogo njia hiyo. Kwa Mgiriki wa kale, kuomba na kukisia vilikuwa majirani wa ukuta mmoja. Kabla ya kusema kwamba jambo lawezekana, ulimi wake ulipitia mahali pa kulitamani. Nasi katika Kiswahili tunao ujirani unaofanana na huo: kiambishi "-nge-" hutumika kwa kisio, tunaposema "angekuja tungefurahi", na kwa tamanio, tunaposema "laiti angekuja". Silabi ile ile hubeba mashaka na shauku.

3. Vita vya majini vya kesho

Aristotle hakuishia kwenye tabia za watu. Katika kitabu kingine kidogo, kinachoshughulikia namna sentensi zinavyokuwa kweli au uongo, aliuliza swali lililowasumbua wenye fikra kwa zaidi ya miaka 2,000. Tuseme mtu mmoja anasema leo: "Kesho kutakuwa na vita vya majini." Mwingine anasema: "Kesho hakutakuwa na vita vya majini." Ni lazima mmoja wao awe anasema kweli. Lakini ikiwa neno la mmoja wao ni kweli tayari leo, basi je, mambo ya kesho hayakwisha kufungwa? Na kama yamefungwa, kuna faida gani kukaa katika baraza, kushauriana, kuandaa mashua au kutuma wajumbe wa amani?

Jibu lake lilikuwa la uangalifu. Ni lazima kesho vita viwepo au visiwepo. Hilo halina njia ya tatu. Lakini si lazima viwepo, wala si lazima visiwepo. Yale yaliyopo tayari hayawezi tena kutokuwapo wakati yapo. Yale yajayo bado yana milango miwili. Aristotle aliona kwamba tukiufuta uwezekano, tunafuta pia mashauri, maana hakuna ashauriaye juu ya jambo lisiloweza kuwa vinginevyo.

Wapo waliompinga. Diodorus Cronus, aliyeishi baada yake kidogo, alifundisha kwamba kinachowezekana ni kile tu kilichopo au kitakachokuwapo. Kile ambacho hakitakuwapo kamwe, hakikuwezekana tangu mwanzo. Mafundisho hayo yanaonekana kama mchezo wa maneno, lakini yana uzito katika maisha. Kijana aambiwaye kwamba nchi yake haitabadilika, kwa sababu kama ingeweza kubadilika ingalikwisha kubadilika, amekuwa mwanafunzi wa Diodorus bila kumjua. Na kijana anayepanda miti, anayesoma usiku, anayepatanisha familia mbili, amechagua upande wa Aristotle: kesho haijaandikwa yote.

Karne kadhaa baadaye, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, tabibu na mwanafalsafa aitwaye Sextus Empiricus aliandika mafundisho ya wale walioitwa Wapyrrho, kwa jina la Pyrrho wa Elis. Hao walilifanya neno "takha" kuwa kanuni ya maisha. Kwao kusema "labda" kulikuwa na maana ya "labda ndivyo, labda sivyo", na baada ya hapo walisimamisha hukumu ili wapate utulivu wa moyo. Walijiita watafutaji, na mtafutaji ni mtu wa kuheshimiwa. Hata hivyo twajiuliza: je, mtu anayetafuta daima, naye hataki kamwe kupata, bado anatafuta? "Labda" ni njia nzuri ya kupitia. Kujenga nyumba juu yake ni jambo jingine.

4. "Labda" ya Luka na ya Paulo

Alexander wa Makedonia alipokufa mwaka 323 kabla ya Kristo, Kigiriki kilikuwa kimefuata majeshi yake mpaka Misri, Shamu na Uajemi. Lugha ikisemwa na watu wa mataifa mengi, hupunguza mapambo yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile hali ya sala. Katika Kigiriki cha kawaida cha masoko na barua, ilianza kufifia. Katika Agano Jipya lote inaonekana karibu mara 70 tu, na sehemu kubwa ya hizo ni maombi, baraka na maapizo yaliyokwisha kuganda. Usemi mmoja, "me genoito", yaani "isiwe kamwe", unatokea mara 15, na mara 14 kati ya hizo ni katika barua za Paulo. Kiswahili cha Biblia kina neno moja zuri kwa hilo: hasha. Watafsiri Waingereza wa mwaka 1611 waliweka mahali pake maneno yenye maana ya "Mungu apishe mbali", ijapokuwa katika Kigiriki jina la Mungu halimo.

Mwandishi anayeijua vema hali hiyo iliyokuwa ikififia ni Luka. Tusome kwa makini sura ya 17 ya Matendo ya Mitume. Paulo yuko Athene. Wanafalsafa wa Kiepikuro na wa Kistoa wanamdharau na kuulizana huyu mpiga domo angetaka kusema nini. Luka anawapa swali hilo katika hali ya kale ya kitenzi pamoja na ile silabi "an", kama msomi wa Athene alivyopaswa kusema. Kisha Paulo anasimama Areopago, anazungumza juu ya mataifa yote yanayomtafuta Mungu kwa kupapasa, na vitenzi viwili vya sehemu hiyo, kupapasa na kuona, vimewekwa katika hali hiyo hiyo. Mtume hawaambii Waathene kwamba wamempata Mungu, wala hawaambii kwamba hawawezi kumpata. Anatumia sarufi yao wenyewe kuwaonyesha mkono unaonyoshwa gizani, nao huenda ukagusa. Baada ya kusema hayo, anaongeza kwamba Mungu hayuko mbali na yeyote kati yetu.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, lakini una kina. Mathayo, Marko na Luka wote watatu wanasimulia mfano wa wakulima waovu wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba, baada ya watumishi wake kupigwa, anaamua kumtuma mwanawe. Katika Mathayo na Marko anasema tu kwamba watamheshimu mwana. Katika Luka, sura ya 20, ameongeza neno moja: "isos", labda. Ni mahali pekee katika Agano Jipya lote ambapo neno hilo linapatikana. Walimu wa Kanisa la kale walijiuliza: mwenye shamba akiwa mfano wa Mungu, inakuwaje Mungu aseme "labda"? Mtakatifu Yeronimo alijibu kwamba si kwa kutojua. Mungu husemwa kana kwamba ana mashaka ili hiari ya mwanadamu ibaki salama. "Labda" ya mwenye shamba haionyeshi upungufu wa Baba. Inaonyesha heshima yake kwa wakulima, ambao bado wangeweza kuchagua vema.

Mfano wa tatu ni barua kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa, ameachana na bwana wake, naye Paulo anamrudisha kwake akiomba apokewe si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpenzi. Katika mstari wa 15 Paulo anathubutu kueleza maana ya utengano huo: pengine ulitokea kwa muda kitambo ili Filemoni ampate Onesimo milele. Neno lake ni "takha". Mtakatifu Yohane Krisostomo aliona kwamba Paulo amesema vema "labda", ili bwana yule apate kulegea. Nasi twaweza kuongeza jambo jingine. Paulo, aliyesema mengi kwa uthabiti mkubwa, hakujifanya msemaji wa mipango ya Mungu juu ya mateso ya mtu mwingine. Ni mara ngapi tunasikia msibani mtu akitangaza kwa sauti kuu kwa nini Mungu amemchukua mtoto huyu! Paulo, katika jambo dogo kuliko hilo, alisema "labda".

5. Nguvu, ujuzi na bahati: njia ya Kiingereza

Sasa tuvuke bahari. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi "magan". Maana yake ilikuwa kuwa na nguvu, na ndugu yake ni jina "might", ambalo hata leo lina maana ya nguvu au enzi. Kutoka huko kumetoka "may", ambalo leo lina maana mbili: kupewa ruhusa, na kuwa katika uwezekano. Kilikuwako pia kitenzi "cunnan", chenye maana ya kujua. Kutoka huko kumetoka "can". Kwanza mtu alisema anajua kuogelea. Kisha akasema anaweza kuogelea. Mwishowe akasema mvua yaweza kunyesha, ingawa mvua haina nguvu za misuli wala ujuzi wa shule.

Hivyo lugha ya Waingereza ilichukua nguvu za mwili na ujuzi wa akili, ikazipunguza taratibu mpaka zikawa mashaka. Na ilipotaka kupunguza zaidi, ilichukua umbo la wakati uliopita. "Might" ni umbo la kale la wakati uliopita la "may", na "could" la "can"; leo yote mawili hutumika kwa jambo la kesho lisilo na hakika, kana kwamba kulisogeza jambo nyuma katika wakati ni njia ya kulisogeza mbali na uthabiti. Mwanafunzi wa Kiingereza anayeshangaa kwa nini "might" husemwa juu ya kesho, na ajue kwamba haoni kosa. Anaona kovu la historia.

Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi. Kutoka "par aventure" likazaliwa "peradventure". Ndilo neno ambalo watafsiri wa mwaka 1611 walimpa Abrahamu katika sura ya 18 ya Mwanzo, anapoiombea Sodoma na kushuka kutoka wenye haki 50 mpaka 10. Baadaye "perhaps" lilichukua nafasi yake. Hilo ni neno la baba wawili: mwanzo wake ni wa Kilatini na Kifaransa, mwisho wake ni "hap", yaani bahati, lililoletwa na watu wa Skandinavia. Kutoka mzizi huo huo limetoka "happy", ambalo kwanza lilikuwa na maana ya mwenye bahati. Kigiriki nacho kilikuwa na usemi wa namna hiyo, "ei tykhoi", yaani "ikitokea kwa bahati", ambao Paulo anautumia mara mbili katika barua ya kwanza kwa Wakorinto. Na "maybe" limejengwa kama "peut-être" la Kifaransa tunachokijua sisi: "yaweza kuwa".

6. Nani aseme "labda"?

Historia ya maneno huishia katika historia ya watu. Katika karne ya 17 Uingereza iligawanyika kwa vita, na kila upande uliamini kwamba Mungu yuko pamoja nao. Tarehe 3 Agosti 1650, Oliver Cromwell aliwaandikia viongozi wa Kanisa la Uskoti, akiwasihi kwa jina la Kristo wakubali kwamba yawezekana wamekosea. Ombi hilo limekuwa maarufu, nalo ni ombi jema. Mwezi mmoja baadaye aliwashinda Waskoti vitani huko Dunbar.

Lakini tugeuze ukurasa mmoja nyuma. Mnamo Septemba 1649 jeshi la Cromwell huyo huyo liliuteka mji wa Drogheda katika Ireland. Watu zaidi ya 2,000 waliuawa, na mapadre na watawa wakiwa miongoni mwao. Cromwell aliandikia Bunge kwamba amesadiki kuwa hiyo ilikuwa hukumu ya haki ya Mungu. Hapo hakuweka "labda". Mtu yule yule aliyejua kuwaombea wengine mashaka, hakujiombea mwenyewe. Fundisho ni chungu: ni rahisi kumdai jirani aseme "labda", na ni vigumu kulisema sisi wenyewe tunaposhika upanga, cheo au ushindi.

Katika miaka hiyo hiyo wengine walianza kulitumia neno hilo kwa namna nyingine. Mwaka 1660 iliundwa huko London jumuiya ya wanasayansi, Royal Society. Mmoja wa waanzilishi wake, Robert Boyle, mzaliwa wa Ireland, alichapisha mwaka 1661 insha ambamo alieleza kwa nini anatumia mara nyingi maneno kama "labda" na "yaonekana". Alitenganisha mambo mawili. Yale aliyoyaona katika majaribio aliyasema kwa uthabiti. Yale aliyoyatoa kama sababu za hayo aliyoyaona, aliyasema kwa tahadhari. Macho yangu yameona hivi; akili yangu yadhani hivi. Sayansi ya leo imejengwa juu ya mpaka huo.

Benjamin Franklin wa Philadelphia naye asimulia katika habari za maisha yake kwamba katika ujana alipenda kushinda mabishano. Baadaye aliyaacha maneno kama "hakika" na "bila shaka", akayaweka mahali pake maneno kama "naona" na "kwa sasa yaonekana kwangu". Alipata faida asiyoitarajia: watu walimsikiliza zaidi, na alipokosea hakuona aibu kubwa.

7. "Labda" inapokuwa kichaka

Hata hivyo, neno linalomsaidia mkweli laweza kumficha mvivu. Mwaka 1951 wachambuzi wa serikali ya Marekani waliandika ripoti juu ya uwezekano wa Yugoslavia kushambuliwa na majirani zake. Walisema kwamba jambo hilo lichukuliwe kuwa uwezekano wa kweli wa kutiliwa maanani. Sherman Kent, mwanahistoria aliyekuwa miongoni mwao, aliulizwa baadaye walikusudia uzito gani. Yeye binafsi alikuwa amefikiria nafasi 65 kwa 35. Alipowauliza wenzake walioikubali sentensi ile ile, alishtuka: mmoja alifikiria 80 kwa 20, mwingine 20 kwa 80. Wote walikuwa wametia sahihi maneno mamoja, na kila mmoja alikuwa amesema jambo lake.

Mwaka 1964 Kent aliandika makala akipendekeza kwamba kila neno la mashaka lipewe kipimo: "karibu hakika" iwe yapata asilimia 93, "yaelekea" iwe yapata asilimia 75, na kadhalika. Wapo waliomwona kuwa mtu wa hesabu anayetaka kuwafunga washairi. Lakini wazo lake halikufa. Leo jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, lililoundwa mwaka 1988, hutumia maneno ya Kiingereza yaliyopimwa: "likely" ni asilimia 66 au zaidi, na "very likely" ni asilimia 90 au zaidi. Twaweza kusema kwamba wamerudi kwenye mizani ya "isos", ila wameongeza mawe ya kupimia.

8. Na sisi?

Kiswahili chetu hakikuachwa nyuma. "Huenda" limetoka katika kitenzi cha kwenda: jambo linatembea, hatujui litafika wapi. "Pengine" hutufikirisha mahali pengine na wakati mwingine. "Yamkini" limetoka Kiarabu, na maana yake ni "inawezekana". La ajabu zaidi ni "labda" lenyewe. Asili yake ni maneno ya Kiarabu "la budda", yaani "hapana budi". Neno la lazima limegeuka kuwa neno la mashaka! "Sina budi" na "labda" ni watoto wa mama mmoja, nao wameoa koo mbili tofauti. Jambo linalofanana na hilo limelipata neno "must" la Kiingereza: zamani lilikuwa na maana ya kuruhusiwa, kisha likawa na maana ya kulazimika, na leo hutumika pia kwa kisio, kama tunavyosema sisi "lazima amekwisha fika", tukiwa hatujamwona.

Ndugu vijana, tunaishi katika nchi ambamo habari hukimbia kuliko gari. Ujumbe mmoja wa simu unasema kwamba watu wa kijiji fulani wamefanya hivi, kwamba kabila fulani linapanga vile, kwamba jirani fulani ndiye aliyesababisha kifo. Mara nyingi ujumbe huo hauna "labda" hata moja. Anayeutuma hakuona, aliyemtumia naye hakuona, lakini katika safari yake mashaka yote yamedondoka njiani, na kinachofika mkononi mwetu ni hakika tupu. Watu wamefukuzwa katika nyumba zao kwa sababu ya hakika za namna hiyo. Kurudisha "labda" mahali pake, na kukataa kuupeleka ujumbe mbele, kwaweza kuwa tendo la amani kubwa kuliko hotuba ndefu.

Lakini tusiligeuze neno hilo kuwa kichaka. Aliyeshuhudia dhuluma kwa macho yake, akaulizwa, akajibu "labda", huyo hana unyenyekevu, ana hofu. Aliyeahidi kufika kwenye kazi ya pamoja, akasema "tutaona" huku moyoni amekwisha kukataa, amelitumia neno la uwezekano kuficha neno la uongo. Boyle alituwekea mpaka ulio wazi: tulichokiona tukiseme kwa uthabiti, tunachokidhani tukiseme kama dhana. Na Paulo alituonyesha kwamba imani thabiti na "labda" vyaweza kukaa katika moyo mmoja: imani ikimhusu Mungu, na "labda" ikihusu uwezo wetu sisi wa kuzisoma njia zake.

Aristotle alidhani kwamba kijana ni lazima azidishe na mzee ni lazima apunguze. Tungependa vijana wa vikundi vyetu wamwonyeshe kwamba, labda, hakuwa amewaona wote.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika mfano wa wakulima waovu, neno "labda" la Luka linabadilisha nini katika namna tunavyomwelewa mwenye shamba?

2. Tukumbuke habari moja iliyosambaa katika mtaa wetu mwezi huu. Ni sehemu gani iliyoonekana kwa macho, na ni sehemu gani iliyodhaniwa tu? Nani aliiondoa "labda" njiani?

3. Ni wakati gani sisi husema "labda" kwa sababu ya ukweli, na ni wakati gani kwa sababu ya woga?

4. Cromwell aliwaomba wengine wakubali kwamba yawezekana wamekosea. Ni katika jambo gani kikundi chetu kinapaswa kujiomba chenyewe ombi hilo?